Stika tunayo, hati ya bima iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Jumanne ya wiki iliyopita nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani pale Uyole, hatua chache kutoka njia panda ya Tukuyu. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mzee." Nikaitikia. Akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akaona bima iko hai, akanirudishia leseni na kunitakia safari njema. Nyuma yangu zilikuwa zimesimama Noah mbili, Fuso ya viazi na bajaji tatu, na kila dereva aliulizwa lile lile: bima unayo?

Sote tulikuwa nayo. Lakini ningepita dirisha kwa dirisha nikawauliza wale madereva kama wamewahi kuishika mkononi hati yenyewe ya bima, ile inayoeleza utalipwa nini na hutalipwa nini, naamini wengi wangenionyesha stika au risiti. Mimi mwenyewe niliishi hivyo karibu miaka mitatu. Nililipa, nikapewa risiti na kava noti, ile karatasi fupi ya kuonyesha kwamba bima imekatwa, nikaondoka. Hati sikuiona hadi siku niliyokwenda kudai, na siku hiyo ilikuwa imekwisha kunihukumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati miaka 31, kwanza Iringa, kisha hapa Mbeya. Nilipostaafu mwaka 2021 nilitoa sehemu ya kiinua mgongo nikanunua Toyota Noah, ambayo hadi inafika nyumbani ikiwa na namba ilikuwa imenigharimu shilingi milioni 20. Si gari la biashara. Linatupeleka kanisani, hospitali, shambani Isyonje tunakolima viazi ekari moja na nusu, na kwenye misiba ya ndugu Rungwe na Kyela, ambayo kwa umri wetu haiishi.

Nilikata bima kubwa tangu mwanzo. Kwa asiyejua tofauti ya bima kubwa na bima ndogo: bima ndogo ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo akiwa barabarani, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni. Hiyo inamlinda mtu wa nje utakayemuumiza au kumharibia mali. Gari lako likikunjika, utajijua. Bima kubwa inachukua hiyo ndogo na kuongeza gari lako mwenyewe likipata ajali, likiungua au likiibwa. Kwa Noah yangu ya matumizi binafsi nilitozwa asilimia 3.5 ya thamani, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Kwa milioni 20 hiyo ni shilingi 826,000. Pensheni ya mwalimu inaumia mwezi huo.

Mwezi Novemba 2023 wakala wangu, kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne, alinipigia kunikumbusha kwamba bima inakaribia kwisha. Akasema kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, gari limeshatumika, tuandike milioni 12, utapumua kidogo." Tukaandika milioni 12. Nikalipa shilingi 495,600. Nilimshukuru, nikamwombea heri kwenye kazi yake.

Juni 2024 tulikuwa tunatoka mazishini Kiwira, mimi, mke wangu na shemeji zangu wawili. Ilikuwa inaelekea saa moja jioni. Ukungu wa Uporoto ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, ule ambao ukiwasha taa kubwa mwanga unakurudia usoni, na manyunyu hayajakatika tangu mchana. Tulipopita Isyonje kuja Uyole, kwenye kona, nikaona matawi ya mikaratusi barabarani. Anayeendesha huku hahitaji kuambiwa maana yake: mbele kuna gari limekufa. Ila matawi yalikuwa yamewekwa karibu mno na gari lenyewe. Nilikanyaga breki, Noah ikateleza kama imepakwa sabuni, ikajikita kwenye mkia wa Fuso iliyobeba ndizi. Boneti ilikunjamana hadi kwenye kioo, shoo yote ya mbele ikaingia ndani, rejeta ikaanza kumwaga maji ya moto. Mikungu miwili ya ndizi ilidondoka juu ya boneti ikakaa pale. Mke wangu alikuwa ameshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, hasemi kitu.

Watu hawakukawia kujaa. Mwenye Fuso alikuwepo, mtu wa makamo, mpole. Geti lake la nyuma lilikuwa limepinda na taa moja imevunjika. Akaniambia maneno ambayo kila dereva ameyasikia: "Mzee wangu, tumalizane hapa hapa, trafiki wa nini?" Nami, nikiwa nimechanganyikiwa na nikitaka kumwahisha mke wangu hospitali, nikasema mbele ya watu wote, "Kosa ni langu, nitakulipa." Nikamtumia shilingi 300,000 kwa simu. Kwa malezi yetu huo ni uungwana. Kwa hati yangu ya bima, kama nilivyokuja kuisoma baadaye, nilikuwa nimevunja sharti: mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo wala asilipe chochote bila idhini ya kampuni. Zile 300,000 sikurudishiwa hata senti. Kampuni ingeweza kumlipa yule bwana yenyewe, kwa sababu bima yangu inabeba madai ya mtu wa nje, lakini nilikuwa nimejifungia mlango kwa mdomo wangu.

Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyesimama kidete kwamba polisi lazima waje. Bila yeye leo nisingekuwa na la kuandika. Mke wangu akapewa PF 3, fomu ya polisi ya kutibiwa, mfupa wa mkono ukakutwa na ufa. Kesho yake mkaguzi wa magari wa polisi akalikagua gari na kujaza PF 90, na baada ya siku kadhaa nikapata ramani ya ajali na PF 115, taarifa ya polisi ya ajali yenyewe. Nazitaja kwa namba makusudi. Ni karatasi za kwanza utakazoulizwa ukienda kudai, na ajali iliyomalizwa kienyeji kando ya barabara haina hata moja kati ya hizo.

Kampuni ikamtuma mkadiriaji wa hasara. Alikuta gari kwenye gereji Mwanjelwa, akalizunguka na kamera, akalala chini kabisa kutazama chasisi, akakaa na fundi bodi kulinganisha bei za spea. Walikubaliana shilingi 6,300,000. Alifanya kazi yake vizuri, sina la kumlaumu. Katika taarifa yake aliandika pia kwamba bei ya soko ya Noah kama ile, kwa hali iliyokuwa nayo kabla ya ajali, ni milioni 18. Niliisoma nikafurahi. Nilidhani ni sifa ya utunzaji wangu.

Wiki sita baadaye nikaitwa kusaini fomu ya kupokea malipo. Iliandikwa shilingi 3,780,000.

Nilirudia kuisoma nikidhani tarakimu imekosewa. Binti aliyekuwa mezani, ambaye hata leo namshukuru, aliniona mikono inatetemeka akaniletea kiti. "Baba, umeshawahi kuisoma hati yako?" Nikamjibu sijapewa hati. Akainuka, akafungua kabati, akatoa jalada lenye jina langu, na ndani yake kurasa 28 za Kiingereza cha herufi ndogo. Ilikuwa yangu, ina namba ya gari langu, ina tarehe niliyolipia. Ilikuwa imelala kwenye lile kabati tangu Novemba.

Nikaomba nakala. Nikaenda nayo nyumbani nikaisoma usiku tatu mfululizo mezani, kalamu mkononi, kamusi pembeni, na binti yangu wa mwisho akinisaidia kwa simu kutoka Dodoma kwa sentensi zilizonishinda.

Ukurasa wa kwanza ni jedwali. Kama mtu ana muda wa kusoma ukurasa mmoja tu, asome huo, kwa sababu mengine yote ni maneno ya jumla yanayowahusu wateja wote, lakini jedwali ni wewe. Limeandikwa jina, namba ya gari, namba ya chasisi, matumizi ya gari, nani anaruhusiwa kuendesha, thamani iliyokatiwa bima, na kiasi utakachochangia mwenyewe. Kwangu, kwenye thamani: 12,000,000. Na kwenye kurasa za masharti, kuna kifungu wanachokiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wastani, neno ambalo kwa mwalimu wa hisabati lina maana nyingine kabisa. Hapa maana yake ni hii: gari la milioni 18 ukilikatia bima ya milioni 12, umelikatia theluthi mbili. Ile theluthi iliyobaki umejikatia bima mwenyewe. Basi hasara ikitokea, hata ikiwa ndogo, kampuni inabeba theluthi mbili na wewe unabeba theluthi.

Theluthi mbili ya 6,300,000 ni 4,200,000. Kisha ukatolewa mchango wangu, ambao wenyewe wanauita eksesi, asilimia 10 ya madai, yaani 420,000. Zikabaki 3,780,000. Hesabu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Ningemsahihishia mwanafunzi ningempa alama zote.

Nikageuza hesabu upande wa pili. Kama ningeandika milioni 18, ningelipa bima ya shilingi 743,400. Kwa kushusha thamani niliokoa 247,800. Na kama ningeandika milioni 18 ningelipwa 5,670,000. Nilipoteza 1,890,000 kwa kuokoa 247,800. Ni hesabu ya darasa la saba, Ndugu Mhariri, na kwa miaka 31 nimefundisha ngumu kuliko hiyo. Nilichokosa ni swali lenyewe kuwekwa mbele yangu.

Wapo watakaosema basi dawa ni kuandika thamani kubwa. Nayo si dawa. Bima ni fidia, inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Noah ya milioni 18 ukiiandika milioni 30, ikiibwa utalipwa bei ya soko na ile bima ya ziada uliyolipia imekwenda bure. Thamani ya kuandika ni bei ambayo leo ungelinunua gari kama hilo, kwa mwaka wake na hali yake. Na bei hiyo haishuki kila mwaka kama tunavyodhani. Magari yaliyotumika hapa kwetu hayaporomoki bei kama kipande cha sabuni. Ndiyo maana mkadiriaji alikuta milioni 18 mahali ambapo wakala wangu alikisia 12.

Kuhusu huo mchango wa asilimia 10, hati yangu inasema usipungue shilingi 300,000. Maana yake bampa likikwaruzwa na fundi akataka 350,000, nikidai nitaambulia 50,000 na kupoteza punguzo la mwaka ujao ambalo hupewa asiyedai. Afadhali nilipe mwenyewe. Akiendesha kijana wa chini ya miaka 25 mchango unaongezeka. Hilo nililigundua baada ya mjukuu wangu kuliendesha gari hilo hadi Mbalizi na kurudi zaidi ya mara kumi.

Kuna kurasa nne za vitu visivyolipwa. Dereva mlevi, dereva asiye na leseni au mwenye leseni iliyokwisha, hayo yanaeleweka. Tairi, uchakavu, injini iliyokufa yenyewe, nayo yanaeleweka. Lakini nilikutana na mstari unaosema mafuriko, maporomoko ya ardhi na matetemeko hayamo mpaka yaongezwe kwa kiambatanisho na kulipiwa. Hapo nilisimama kusoma. Miezi miwili kabla ya ajali yangu, Aprili 2024, matope yalishuka kutoka Mlima Kawetere yakafunika nyumba Itezi. Sisi tunaishi chini ya milima inayonyeshewa kuanzia Novemba hadi Mei. Mtu wa Mbeya au wa Makete ni mtu wa kwanza anayepaswa kuambiwa habari ya mstari huo, na ajibu kwa kauli yake: niongezee, au acha.

Nilipoanza kueleza haya pale nyumbani, majirani nao walianza kuleta za kwao, wengine wakiwa hata hawajui pa kuzidai. Mmoja ana Noah kama yangu, anapakia abiria Mbeya hadi Tukuyu. Kwenye bima yake, matumizi yameandikwa binafsi, kwa sababu bei yake ni nafuu. Aligonga mti Februari, hakulipwa chochote. Aliniuliza kama anaweza kukata rufaa. Nilimwambia ukweli ingawa uliniuma: gari la abiria linatembea zaidi, linabeba roho nyingi zaidi, na kampuni ilimtoza bei ya gari linalokwenda kanisani. Lakini nilimwuliza na mimi: uliulizwa gari linafanya kazi gani? Akasema hapana, aliulizwa kadi ya gari na hela.

Mwingine ni mama anayechukua mchele Kyela na kuupeleka Malawi kwa Canter yake kupitia Kasumulu. Alidhani bima kubwa inavuka naye mpaka. Hati yake, tulipoipata, inasema mwisho wake ni Tanzania. Kwa anayevuka kwenda Malawi, au Zambia kupitia Tunduma, ipo Kadi ya Njano ya COMESA (jumuiya ya kibiashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo unainunua kwa kampuni ya bima ya hapa na inakubeba kwa madai ya watu utakaowadhuru huko ng'ambo. Haitengenezi gari lako. Kwa gari lako ni lazima hati yako ya nyumbani iongezewe nchi hiyo kwa maandishi. Huyu mama amevuka ule mpaka miaka sita, mara mbili kwa mwezi, na Canter ndiyo inayosomesha watoto wake watatu. Alipoelewa alikaa kimya muda mrefu.

Nilirudi kwa kijana wangu wakala. Sikwenda kumgombeza. Nilimkuta kibandani kwake Kabwe, akasimama kuniamkia kama alivyokuwa akisimama darasani. Nikamwekea ile nakala mezani, nikamwuliza kama alikijua kifungu kile cha wastani. Akainamisha kichwa. "Mwalimu, nisikudanganye. Hata mimi sijawahi kuisoma yote." Ana stashahada, ana watoto wawili, anaishi kwa kamisheni ya bima anazouza. Aliyempa kazi alimfundisha kujaza fomu na kutoa stika. Sikuweza kumkasirikia. Tuliisoma pamoja mchana ule kuanzia ukurasa wa kwanza, na wateja wawili waliokuja walisubiri nasi wakisikiliza.

Naomba nieleweke. Silalamiki kwamba kampuni ilinipunja, na ndiyo maana sikuitaja. Ilifuata mkataba. Ninacholalamikia ni kwamba mkataba ni makubaliano ya watu wawili, na katika huu mmoja alikuwa anajua na mwingine hajui. Katika bima wanasema mteja ana wajibu wa uaminifu wa hali ya juu, aseme kweli yote kuhusu gari lake. Nakubali, na niko tayari. Lakini uaminifu huo uende pande zote mbili. Anayeniuzia aseme kweli yote kuhusu anachoniuzia, kwa lugha ninayoota nayo.

Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwananchi wa Igawilo anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusikia shauri lake kwa Kiswahili. Kwa nini basi mkataba wa gari lake, ambao kwa wengi wetu ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, uandikwe kwa lugha ya kutafutiwa mkalimani? Msamiati upo. Binti yule wa mezani alinieleza yote kwa Kiswahili safi katika dakika kumi na tano. Kama yanaweza kusemwa baada ya hasara, yanaweza kuandikwa kabla yake.

Ombi langu kwa kampuni za bima, na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya, si kubwa. Mteja asipokelewe hela yake kabla hajawekewa mbele ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: thamani tuliyoandika ni hii, na ikiwa chini ya bei ya soko utalipwa pungufu hivi, kwa mfano wa shilingi, mchango wako ni huu, gari limeandikwa kwa kazi hii, wanaoruhusiwa kuendesha ni hawa, mafuriko na maporomoko yamo au hayamo, mwisho wa bima ni mpaka upi, ukipata ajali piga namba hii na usiahidi malipo kwa mtu. Asaini yeye na wakala. Hati kamili apewe siku hiyo hiyo, kwa karatasi au kwenye simu. Tayari tunaweza kuhakiki uhai wa bima kwa namba ya gari kupitia mfumo wa TIRA unaoitwa TIRAMIS, na umetusaidia sana dhidi ya stika za bandia. Ningependa kwa namba ile ile ya gari mtu aweze kufungua na jedwali lake.

Na kwa wenzangu wenye magari: leo jioni mpigie wakala wako umwombe hati. Ni haki yako, umeilipia. Ukiwa na mgogoro na kampuni, anza na kampuni yenyewe kwa barua. Mkishindwana, ipo TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na nakala ya kila kitu, pamoja na hiyo hati, maana kitakachosomwa ni hicho.

Mke wangu amepona, ingawa asubuhi za baridi ya Julai mkono unamkumbusha. Noah ilitengenezwa kwa fedha ya viazi vya msimu mzima, na bado boneti yake ina rangi isiyofanana sawasawa na milango.

Bima yangu inakwisha mwezi huu wa Novemba. Kijana wangu wa Kabwe ameshanipigia. Nimemwambia hela ninayo, thamani tutakwenda kuiulizia kwa wauza magari pamoja, yeye na mimi, kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Na nimemwomba aiulize kampuni yake kama ina ule ukurasa wa Kiswahili. Amesema atanijibu Ijumaa.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.
(Jina na anwani nimeviacha kwako, Mhariri.)